Fundi na Mkaguzi Wake

Mama mdogo amepanda mabingobingo kando ya bwawa lake la samaki, nje kidogo ya mji wa Morogoro, kwa ajili ya ng'ombe wake wawili wa maziwa. Kila masika ng'ombe hao hugawana majani na kwera. "Hebu ona walivyolichana," aliniambia siku ya kwanza, akininyooshea jani moja. "Hawa hawajui kununua uzi, mwanangu." Jani lilikuwa limetolewa ukanda mwembamba ukingoni, kuanzia karibu na shina hadi nchani, na mchaniko ulikuwa umenyooka kama uliopigwa rula. Nikaomba kiti. Nilikaa pale asubuhi sita mfululizo, mwezi wa Aprili, nikiutazama mgunga ulioinamia maji.

Kwera ninayemsema ni yule mwenye kichwa cheusi, kifua cha manjano na jicho jekundu, mkubwa kidogo kuliko shomoro. Wengine humwita mnana. Huishi kwa makundi, na mtu huzisikia kelele zao kabla hajamwona hata mmoja. Dume ndiye anayejenga. Jike, aliyevaa kijani kilichopauka na kahawia, hafumi kuta wala paa. Kazi yake ni kukagua. Nilikwenda pale nikidhani nitamtazama fundi. Siku ya pili nikawa nageuza shingo kumtafuta mkaguzi.

Kazi inaanzia kwenye jani. Dume hutua upande wa chini wa jani, huung'ata ukingo wake mpaka patokee pengo dogo, huushika ukingo huo kwa mdomo juu kidogo ya pengo, kisha huruka. Hana kisu, uzito wake na mwendo wake ndio unaochana. Nyuzi za jani zimelala sambamba, kwa hiyo mpasuko hufuata njia yake wenyewe, na dume huondoka na chane ndefu inayopepea nyuma yake kama mkia wa tiara. Wasukaji wa mikeka kule pwani huuchana ukindu, huuanika, kisha huulowesha kabla hawajausuka. Kwera hana muda wa hayo. Anafuma chane ikiwa mbichi, dakika ileile aliyoichana, maana mbichi hupinda bila kukatika.

Fundo la kwanza lilinichukua asubuhi nzima kuliona vizuri. Dume anasimama kwenye kijiti cha mwishoni mwa tawi, pale ambapo nyoka mzito angeogopa kupita. Ncha moja ya chane ameikanyaga kwa mguu, ikabanwa kwenye kijiti. Ncha ya pili iko mdomoni. Anaipitisha chini ya kijiti, anaisukuma kwa mtikisiko mdogo wa kichwa mpaka ipenye, anaiachia, anahamisha kichwa upande wa pili, anaidaka, anaivuta. Kisha anairudisha ilikotoka kwa kuizungusha kinyume, ikapita chini yake yenyewe. Mdomo mmoja unafanya kazi ya mikono miwili kwa zamu, na mguu umekuwa jiliwa. Mara nyingi chane inaponyoka na kuangukia majini, naye hapotezi muda kuitazama; anafuata nyingine.

Nicholas na Elsie Collias, mume na mke waliokuwa watafiti mjini Los Angeles, walitumia miaka mingi kuwachunguza kwera hawa, na mwaka 1964 walichapisha maelezo ya ufumaji wao. Walitaja kitanzi, fundo nusu, fundo la kuteleza, mzunguko unaoshikana na mzunguko mwenzake, na ule ufumaji wa juu-chini ambao mtu yeyote aliyewahi kusuka kapu ataujua. Ni orodha ambayo baharia asingeionea haya. Mimi kwa macho yangu niliyatambua matatu tu.

Baada ya fundo huja pete. Dume huchagua kijiti chenye panda inayoning'inia, huzungusha chane kutoka mkono mmoja wa panda hadi wa pili, chini na juu, mpaka duara likutane. Pete hii husimama wima kama fremu ya dirisha, na dume husimama ndani yake, mguu mmoja huku na mwingine kule. Hapo ndipo kuna siri ambayo sikuigundua hadi siku ya tatu, nilipoacha kutazama mdomo na kuanza kutazama miguu. Miguu haihami. Tangu pete ikamilike, dume husimama palepale na kuelekea upande uleule mpaka mwisho wa ujenzi. Wa mgunga ule niliyekuwa nimemchagua alielekea majini.

Kwa kuwa hahami, mwili wake ndio kipimo. Mbele yake husukuma chane mbali kadiri mdomo unavyofika, juu, chini na pembeni, na umbali huo huo pande zote hutoa chumba cha mviringo: chumba cha mayai. Chumba kikitosha, hageuki. Hujikunja kinyumenyume, kichwa kikapita juu ya mgongo, na kuanza kufuma upande wa nyuma akiwa kama aliyelala chali. Huko nyuma hutokea ukumbi mdogo ambao sakafu yake huachwa wazi, na uwazi huo ndio mlango, unaotazama chini. Kati ya ukumbi na chumba hubaki ukingo wa chini wa ile pete ya mwanzo, na sasa umekuwa kizingiti: mayai hayawezi kuviringika yakatoka. Hakupima kwa kamba wala hakuchora. Alisimama mahali pamoja akanyoosha shingo.

Halafu kuna dari, ambayo nisingeijua kama kiota kimoja kisingeanguka na mvua ya usiku wa tatu na mama mdogo akaniletea mkononi. Nje ni chane ndefu zilizofumwa. Ndani, upande wa juu tu, vimepachikwa vipande vifupi na vipana vya majani, kimoja juu ya kingine, kama makuti kwenye paa. Hivyo havikufumwa, vimechomekwa tu. Nilikipeleka juani nikachungulia kutoka mlangoni. Kuta zilipitisha mwanga kwa vitundu vingi, na dari haikupitisha hata kimoja. Nikakimwagia kikombe cha maji juu. Yalitiririka pembeni.

Kufikia hapo fundi amemaliza sehemu yake, na huanza kazi ya kunadi. Huning'inia chini ya mlango, kichwa chini, hupepesa mabawa polepole ili manjano ya chini ya mabawa yaonekane, na hupiga kelele kama kondakta wa daladala. Jike akikatiza tu karibu na mti, madume wote hubadilika papo hapo. Wanaacha chane nusu, wanaacha ugomvi, kila mmoja anarukia mlango wake na kuanza kupepea. Mti mzima huwaka. Jike huwapita wengi bila kugeuza kichwa.

Mmoja akamsimamisha. Alitua kwenye kijiti cha kiota cha nne kutoka kushoto, akatazama juu, akaingia. Dume alinyamaza, akasogea pembeni. Kwa nje sikuona kitu ila kiota kikitikisika. Kilitikisika kwanza kidogo, kikatulia, kikatikisika tena upande wa chumba, na ncha ya chane moja ikaingia ndani kama uzi unaovutwa kwenye sindano. Alikuwa anavuta. Jike akiwa ndani hushika nyuzi za ukuta kwa mdomo na kuzivuta, hapa na pale, na hukaa humo dakika kadhaa akifanya hivyo. Kisha akatoka, akaruka, akaenda zake. Dume alirudi mlangoni, akaichomeka ile chane mahali pake, akaanza kupepea upya.

Jike yule, au mwenziwe anayefanana naye, nilimwona akiingia viota vitano asubuhi ile. Kingine kimoja hakikuingiwa kabisa: kilikuwa cha kahawia. Chane za kiota hufifia kadiri siku zinavyopita, kutoka kijani kibichi hadi rangi ya chai, na wakina Collias waligundua kwamba majike hupendelea viota vibichi na huvikataa vilivyofifia. Si upendeleo wa rangi tu. Jani kavu huvunjika. Mayai huatamiwa siku kama 12, na makinda hukaa ndani wiki mbili na nusu au zaidi kabla ya kuruka. Kiota ambacho tayari kimekauka siku ya kukaguliwa kina mwezi mzima mbele yake wa mvua, upepo na uzito unaoongezeka kila siku.

Hakuna aliyemfundisha jike hesabu hiyo. Wafikirie majike wawili wa zamani sana. Mmoja huingia kiota chochote na kutaga. Mwingine husita mbele ya kilichofifia na huvuta nyuzi kabla hajakubali. Upepo wa masika ukija, kiota cha yule wa kwanza kina nafasi kubwa zaidi ya kudondoka na makinda ndani. Yule wa pili hukuza mabinti waliorithi kusita kwake, na wana waliorithi wepesi wa mdomo wa baba yao. Rudia hilo kwa vizazi visivyohesabika na utapata mti kama huu: majike wote husita, na madume wote hufuma kwa namna inayoweza kustahimili kuvutwa. Hivyo ndivyo mageuko yanavyomnoa mchaguzi na mchaguliwa kwa jiwe moja. Kila fundo nililolishangaa juu ya bwawa lile liliwahi kuvutwa na mdomo wa jike fulani, likakatika au likashika.

Charles Darwin ndiye aliyelileta jambo hili mezani mwaka 1871, katika kitabu chake kuhusu asili ya binadamu na uteuzi unaohusu jinsia. Alidai kwamba madaha mengi ya madume yametokana na macho ya majike. Wengi walikubali kwamba madume hupigana, lakini hili la jike kuchagua liliwakaa vibaya. Alfred Russel Wallace, aliyefikia wazo la uteuzi asilia pamoja naye, hakuafiki kwamba ndege jike anaweza kuwa na jicho la kuthamini uzuri. Ubishi ulidumu zaidi ya karne moja, na mojawapo ya majibu yake mazuri lilipatikana jirani na sisi, kwenye mbuga za Kinangop nchini Kenya.

Kinangop kuna ndege mweusi wa jamii ya kwera mwenye mwili mdogo na mkia wa karibu nusu mita. Akiruka juu ya nyasi, mkia humburuza kama kanga iliyonasa upepo. Mkia huo haufumi, haulishi, haumkingi kinda na mvua. Malte Andersson, mtafiti kutoka Sweden, aliwakamata madume 36. Wengine aliwakata mikia ikabaki ya sentimita 14 hivi, na vipande hivyo akawagandishia wengine kwa gundi ili mikia yao irefuke. Kundi la tatu aliwakata na kuwarudishia mikia yao wenyewe, asije mtu akasema gundi ndiyo iliyofanya kazi. La nne hakuligusa. Kisha akahesabu viota vya majike katika eneo la kila dume. Waliorefushiwa mikia ndio waliopata viota vipya vingi kuliko wote. Waliofupishiwa waliendelea kulinda maeneo yao kama kawaida. Kilichopungua kilikuwa wageni. Matokeo yalichapishwa mwaka 1982, na sijui jaribio lingine lililotumia zana nyepesi hivyo, mkasi na gundi, kumaliza ubishi mzito hivyo.

Kwa nini majike waupende mkia usio na faida? Ronald Fisher, Mwingereza mwanahesabu, alikuwa ameshatoa maelezo mwaka 1930: mabinti hurithi kwa mama ladha ya mikia mirefu na wana hurithi kwa baba mkia mrefu, hivyo ladha na mkia husafiri pamoja katika damu moja na kusukumana mbele, mpaka mkia uwe mzito kiasi cha kumgharimu mwenyewe. Wengine husema gharama yenyewe ndiyo habari: dume anayeweza kuuburuza mkia ule na bado yu hai si dhaifu. Inawezekana yote mawili yana ukweli. Mimi, kwa upendeleo wangu, hurudi kwa kwera. Mkia unaota. Kiota kinatengenezwa, na kinaweza kukosewa.

Na hata kwa kwera mambo si mepesi kama nilivyoyaeleza hapo juu. India kuna kwera ambaye dume wake hufuma mpaka kiota kiwe na umbo la kofia, kisha husimama na kungoja. Jike akikubali ndipo humalizia. Suhel Quader alichunguza majike hao hukubali nini hasa, na aliyochapisha mwaka 2006 yanawapunguzia mafundi sifa kidogo: mahali kiota kilipo, urefu kutoka chini na uimara wa tawi, palikuwa na uzito mkubwa kuliko ustadi wa ufumaji. Nilipokumbuka hilo niliutazama mgunga upya. Viota vya juu ya maji, kwenye ncha za matawi, ndivyo vilivyokuwa na majike. Fundi mmoja aliyekuwa upande wa zizi, mwenye kazi safi kuliko wote kwa jicho langu, hakutembelewa hata mara moja. Mama mdogo alicheka. "Nyumba nzuri, kiwanja kibaya."

Chini kabisa, kwenye kichaka cha lantana, kulikuwa na wanagenzi. Hawa ni madume wachanga wenye rangi kama za majike, na kazi zao huchekesha mpaka mtu akumbuke aya yake ya kwanza. Mmoja alifunga chane nane kwenye kijiti na zote zikafunguka. Mwingine alitengeneza pete iliyolala kama bakuli. Hakuna jike anayekwenda huko. Wakina Collias waliwahi kuwalea madume wachanga bila kuwapa majani ya kuchezea kwa mwaka mzima wa mwanzo. Walipopewa hatimaye, walishindwa kufuma na walibaki nyuma sana ya wenzao waliozoea. Hamu ya kufuma huzaliwa nayo, lakini mkono, yaani mdomo, hutaka mazoezi. Kwa hiyo jike anapovuta uzi huwa anapima pia miaka: fundo linaloshika limetoka kwa dume aliyeishi vya kutosha kuharibu viota vingi.

Siku ya tano jike mmoja alikubali. Nilijua kwa sababu alirudi na kitu mdomoni: kichwa laini cha nyasi kilichochanua. Alikiingiza, akatoka, akarudi na kingine, kisha unyoya wa kuku wa mama mdogo. Ndani ya chumba kile sakafu ni yake yeye. Na mayai atakayotaga yana chapa yake: kuna jike wa mayai meupe, wa ya buluu ya kijani, wa yenye madoa mengi, na kila mmoja hubaki na mtindo wake maisha yote. Yuko ndege wa jamii ya kekeo ambaye hutaga kwa kuvizia katika viota vya kwera, na jike anayelijua yai lake hulitambua la mgeni na kulitupa nje. Mkaguzi ana ufundi wake pia, ila ameuficha ndani.

Dume wake hakungoja kusifiwa. Kwera dume huweza kuwa na majike kadhaa kwa msimu mmoja, na huyu alikuwa ameshaanza pete nyingine nusu mita pembeni kabla unyoya wa kwanza haujatulia.

Asubuhi ya sita nilikwenda kumtazama yule wa kiota cha kahawia. Kilikuwa na wiki hivi, na sikuwa nimeona jike akikigusa. Nilimkuta amesimama juu ya paa lake akichomoa. Alianza na dari, akavuta vipande vifupi kimoja kimoja na kuviachia. Kisha kuta. Chane aliyoifunga kwa kuizungusha mara tatu aliifungua kwa kuizungusha mara tatu, na pale ilipokwama aliing'ata. Hakuhifadhi hata moja ya kutumia tena. Zilidondoka majini, na perege wa mama mdogo wakapanda kuzionja na kuzitema. Kazi hiyo ilimchukua karibu saa mbili, nami sikuona haraka ndani yake wala hasira. Ukumbi ukaondoka, chumba kikaondoka, mwisho ikabaki pete ya mwanzo kwenye panda ya kijiti, nayo akaifungua.

Akajifuta mdomo kwenye gamba la mti, huku na huku, akaruka kwenda kwenye mabingobingo. Kufika adhuhuri pete mpya ya kijani ilikuwa imekutana juu, kwenye panda ileile, naye amesimama ndani yake akielekea majini.